Maji ya uwanja wako yanakwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama mwenye nyumba anayekata miti na kung'oa ukoka ili asakafie uwanja wake wote anafanya kosa, au anatumia tu haki aliyo nayo juu ya kiwanja chake. Jibu langu ni kwamba haki hiyo anayo mpaka pale maji ya mvua yanapovuka ukuta wake, na kwa jinsi viwanja vya Dar es Salaam vinavyosakafiwa siku hizi, maji hayo huvuka karibu kila inaponyesha mvua ya maana.

Niwatetee kwanza wenye nyumba, kwa sababu wengi wanaowalaumu hawajawahi kuishi kwenye uwanja wa tope wakati wa masika. Gari hukwama getini, majani ya mwembe huziba mifereji ya bati, mizizi hupasua karo, na ukoka usiponyweshwa Januari na Februari hukauka, ilhali ukinyweshwa, bili ya maji hupanda. Tena kwetu uwanja uliofagiwa ukatakata ni heshima ya nyumba. Ila uwanja ule waliofagia mama zetu kwa chelewa ulikuwa wa udongo, na mchanga wake uliendelea kunywa maji. Vitofali vya pevingi vilivyozibwa kwa saruji havinywi kitu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukitoa nyumba na banda la uani, kinaweza kubakiza uwanja wa mita za mraba 300. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuileta kwa siku moja bila kumshangaza mtu, humwaga juu ya uwanja huo lita 15,000, yaani ujazo wa matangi matatu yale ya lita 5,000 tunayoyapandisha juu ya minara. Kwenye ardhi ya kichanga yenye majani, sehemu kubwa ya maji hayo huzama. Kwenye zege, karibu yote huondoka. Mwarobaini uliokatwa nao ulikuwa ukiipokea mvua majanini kabla haijagusa chini, na mizizi yake ilikuwa ikiufungua udongo. Maji ya paa sijayahesabu bado.

Katika mtaa wetu, ulio kwenye mteremko, fundi akimaliza kushindilia vitofali hutoboa ukuta kwa chini na kupitisha bomba la inchi nne linalotazama barabarani. Wenye nyumba wa upande wa juu wamefanya hivyo mmoja baada ya mwingine, na sasa barabara yetu ya vumbi ina korongo ambalo bajaji hulivuka kwa kulala upande. Nyumba ya mwisho kule bondeni imepangwa viroba vya mchanga mlangoni, na mwenyewe hajasakafia hata hatua moja.

Sitaki kutia chumvi. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kufanya wakazi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, hayakuletwa na pevingi za uani. Mto Msimbazi, unaokatiza jiji letu, una matatizo yake ya taka, mchanga na ujenzi wa bondeni. Lakini kila uwanja unaosakafiwa huongeza maji yanayoteremka na, lililo baya zaidi, huyafikisha bondeni upesi na kwa wakati mmoja.

Hata hivyo sipendekezi marufuku. Kule England, tangu Oktoba 2008, anayetaka kusakafia zaidi ya mita za mraba 5 za bustani ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza maji hayo kwenye ardhi inayoyanyonya, hulazimika kuomba kibali. Akitumia kinachopitisha maji, haombi. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu haimkatazi mtu kuegesha gari lake, ila inamuuliza maji yatakwenda wapi. Manispaa zetu zingeweza kuuliza vivyo hivyo kwenye michoro ya kuombea kibali cha ujenzi, ingawa sote tunajua ni wangapi wanaojenga bila kibali, ndiyo maana mimi nategemea zaidi mafundi kuliko makaratasi.

Fundi anayejua kazi yake anaweza kukujengea njia mbili za matairi na kukuachia ukoka pembeni, akajaza mchanga kwenye nafasi za vitofali badala ya uji wa saruji, akauachia kila mti walau mita moja ya udongo kuzunguka shina, na akachimba shimo la mawe la kunyonya maji, mbali na karo na msingi wa nyumba. Aliyekwisha kusakafia uwanja mzima naye hajachelewa: ang'oe mistari miwili au mitatu ya vitofali kando ya ukuta, upande unakoelekea maji, kisha achimbe mpaka afike kwenye udongo wa asili, kwa kuwa kifusi kilichoshindiliwa hupitisha maji kwa shida, na ajaze kokoto au apande mchaichai. Vitofali atakavyovitoa vitamfaa kubadilishia vile vilivyokwisha kuvunjika chini ya magurudumu ya gari.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam