Ukiibiwa usiku, usishike ufagio

Duka langu la Tabata lilivunjwa usiku wa kuamkia Jumapili. Kufuli lilikatwa, unga na mafuta ya kula vikabebwa, na mlangoni mwizi akaacha kandambili moja ya bluu. Mpaka polisi wanafika na mbwa, mama alikuwa ameshafagia uwanja kama afanyavyo kila alfajiri, majirani zaidi ya thelathini wamejaa, na ile kandambili imeshapita mikono ya nusu ya mtaa.

Mbwa alinusa, akazunguka, akarudi kwetu sisi sisi. Watu wakaanza kuguna kwamba hajui kazi. Ukweli ni kwamba tulimharibia kazi, na bado inaniuma.

Askari aliyemwongoza alinieleza kwa upole. Mtu akipita mahali anadondosha chembe za ngozi na jasho, na nyayo zake zinaponda majani na udongo, na hivyo vyote vinatoa harufu. Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu kama milioni 6; ya mbwa wa aina ya German Shepherd ina zaidi ya milioni 200. Lakini harufu haidumu. Jua la Dar linaipunguza haraka, na miguu yetu inaifunika. Saa za mwanzo, umande ukiwa bado chini, ndizo zenye faida.

Kwa hiyo ukiamka ukakuta umevunjiwa, piga 112 kabla ya kupigia ndugu. Usifagie, usimwage maji. Zuia watu wasiingie, na wewe mwenyewe pita njia moja tu. Alichoacha mwizi usikiokote hata kwa kitambaa. Kifunike kwa beseni safi. Waambie askari ni nani wa nyumbani waliopita pale, maana mbwa lazima atenganishe harufu zenu na ya mgeni. Akifika, nyamazeni, msimwite wala kumrushia chakula.

Msimdai kila kitu pia. Mbwa wa kufuata nyayo si lazima awe ndiye wa kutafuta mabomu au dawa za kulevya. Wale wa bandarini na uwanja wa ndege wanaonusa pembe za ndovu wamefunzwa harufu hizo, na wengi wakiipata hukaa kimya mbele ya mzigo wakisubiri mpira wao. Kwa mbwa, mpira ule ndio mshahara.

Wapo wanaosita kwa ajili ya dini. Mimi ni Mwislamu, nilisita pia. Mzee wetu wa msikitini alinikumbusha Al-Maida, aya ya 4, inayohalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Mate yakikugusa unajitwaharisha, basi. Kumfukuza anayekutafutia mali yako si lazima.

Miezi minane baadaye jirani yangu aliibiwa televisheni. Safari hii tulifunga geti, tukasimama barabarani, mama akauficha ufagio. Mbwa alitoka dirishani moja kwa moja, akavuka mtaro, akapita nyuma ya gereji, akakwama kwenye kijiwe cha bodaboda. Harufu ilikatika pale kwa sababu mwizi alipanda pikipiki. Askari wakaanza kuwahoji vijana wa kijiweni: usiku ule nani alimbeba mtu mwenye televisheni?