Dini na siasa zijadiliwe tu

Kaka, unasema serikali haina dini, kwa hiyo waandishi na wasomi waache kuchanganua dini na siasa. Hapana bwana. Kweli, ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema nchi haina dini, na ibara ya 20 inazuia kusajili chama cha siasa cha kidini. Lakini viongozi haohao huapa wakishika Msahafu au Biblia, na Baraza la Idd huhutubiwa na wakubwa wa nchi. Hapa Tanga, barazani Ngamiani, wazee wanabishania mahakama ya kadhi, yaani ya sheria za Kiislamu, mpaka kahawa inapoa. Mwandishi anyamaze kwa nini? Mimi ninachowalaumu waandishi na wasomi ni kutaja asilimia za Waislamu na Wakristo kana kwamba zimetoka kwenye sensa. Sensa haijauliza dini tangu 1967!