Mwanangu, huyo mbwa utamweka wapi?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza kwa utulivu. Umeniambia kwamba tangu wezi wapenyeze mkono dirishani hapo Tabata wakaondoka na simu yako, usingizi umekuruka; kwamba mwenzako wa kazini mbwa wake amezaa na amekuahidi dume mmoja; na kwamba umeusoma mkataba wako wa kupanga mwanzo mpaka mwisho, hausemi lolote kuhusu wanyama. Ukaniuliza, umchukue? Na ukimchukua, umwambie mzee mwenye nyumba, au unyamaze kwanza mpaka watu wamzoee?

Hilo la pili nakujibu hapa hapa: usinyamaze. La kwanza lina maelezo, ndiyo maana nimeona niandike badala ya kukupigia.

Kwanza, pole sana. Mtoto wa kike kulala peke yake huku masikio yako dirishani si jambo dogo, na sitaki uone kama mama yako analichukulia kirahisi. Kutaka mlinzi ni haki yako.

Wapo watakaokuambia Mwislamu hafugi mbwa. Usibishane nao, lakini pia usiogope. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa katika hadithi, na wapo wanazuoni, hata katika madhehebu yetu ya Shafi, waliosema kuilinda nyumba nako kunaingia humo. Wale vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kilicho kizito kwetu ni mate yake: chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa kwetu anafugwa, ila anakaa nje.

Na hapo ndipo penye shida yako. Umepanga chumba na sebule. Kodi unayolipa ya miezi sita sita inakupa vyumba viwili na mlango mmoja. Ua ni wa familia nne. Bomba ni la wote, kamba za nguo ni za wote, kile kivuli cha mwembe wanachokaa watoto jioni ni cha wote. Ukimlaza ndani, utasali wapi kwa amani? Ukimlaza nje, umemweka kwenye makazi ya watu ambao hujawauliza.

Hebu utazame huo ua saa mbili asubuhi. Pale bombani kuna karai la vyombo vya jana, sufuria ya ubwabwa imelowekwa ina ukoko, mwiko umeegemezwa ukutani. Mbwa wa miezi minne hawezi kuupita ukoko. Ataulamba mpaka sufuria izunguke. Mwenye sufuria asipoona, mwanawe ataona na kumwambia. Na iwe ni wiki ambayo maji hayatoki, watu wanategemea madumu! Kuanzia siku hiyo hakuna atakayekumbuka kwamba mbwa ni wa ulinzi. Kitakachozungumzwa ni sufuria, na baada ya sufuria itakuja kanga iliyovutwa kwenye kamba, halafu kinyesi karibu na jiko la mkaa.

Mimi nina vile vyumba vyangu vya Mbagala, kwa hiyo nakwambia na yanayotokea upande wa wenye nyumba. Mwenye nyumba ambaye hakai pale, kama huyo mzee wako, mara nyingi wala hasumbuliwi na mbwa. Anasumbuliwa na simu. Leo anapiga mpangaji huyu kulalamika, keshokutwa anapiga mwingine, na yeye ni mtu mzima anataka kupumzika. Mwisho wa miezi sita atakuambia chumba kinahitajika, anakuja ndugu yake. Hutamsikia akitaja mbwa. Ndiyo maana ukimfuata ukamwomba, atakuuliza kama ninavyouliza mimi: wenzako wamesemaje? Mkataba kukaa kimya hakukulindi hata kidogo, mama. Ruhusa ya kweli iko kwa watu mnaochota maji pamoja.

Kwa hiyo anza na majirani, kabla hujamwona mzee na kabla mbwa hajafika. Usiwaite kikao. Mpitie kila mmoja mlangoni kwake jioni, ukianza na yule bibi wa mlango wa pili, kwa sababu ni mkubwa wenu na akikubali yeye wengine watalegea. Mwambie ukweli: nimeibiwa, naogopa, nimefikiria mbwa, nimekuja kukusikiliza. Kisha msikilize kweli. Huenda aliwahi kung'atwa. Huenda mkwewe ana mtoto anayetambaa na kuokota kila kitu chini. Huenda anaamka kutawadha alfajiri na hataki kukutana gizani na mdomo wenye mate. Mmoja wao akikataa, hata kama ni mmoja tu, mbwa asije. Najua utaona nimekaza sana, lakini mbwa asiyetakiwa uani hulipia yeye mwenyewe. Hupigwa mawe na watoto, humwagiwa maji ya moto, na wapo wanaofikia kumtegea sumu. Kiumbe cha watu usikiingize mahali pa namna hiyo.

Lakini hao wezi hawakuja kwa ajili yako peke yako. Kama na wenzako wameshapoteza ndoo, gesi, viatu vya mlangoni, basi huenda wakakuambia tumlete awe wa nyumba nzima. Hiyo ndiyo heri ninayokuombea. Hapo kubalianeni mapema nani anamlisha ukisafiri, nani anafagia, banda likae kona gani, afunguliwe saa ngapi usiku na kurudishwa saa ngapi. Banda liwe na kivuli. Ua wenu ni wa saruji tupu, na jua la Januari na Februari unalijua. Mbwa kufungwa juu ya saruji mchana kutwa na kopo la maji lililopinduka ni mateso. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe, ampe maji na mahali pa kukaa, na inayokataza kumtesa.

Wakishakubali, mwendee mzee ana kwa ana. Usimtumie ujumbe wa simu. Akiridhia, mwombe muongeze mstari mmoja kwenye mkataba, kwamba mpangaji ameruhusiwa kufuga mbwa mmoja na atagharimia uharibifu wowote atakaoufanya. Mtie sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala yake. Mzee akifariki leo, Mungu ampe umri, watoto wake hawatajua mlichoongea barazani.

Sasa mbwa mwenyewe. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya wiki nane, kwa hiyo huyo mwenzako asikuharakishe. Na ujue kwamba siku za mwanzo hatakulinda. Atalia usiku kucha akimtafuta mama yake, na itapita miezi mingi kabla kubweka kwake hakujawa na maana. Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane anatakiwa aanze chanjo za utotoni, hasa ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Dawa ya minyoo ndiyo usiikose kabisa, maana watoto wa hapo wanacheza chini. Akikua mhasi, la sivyo kila jike mtaani likiingia joto ataruka ukuta, na mbwa aliyeruka ukuta anarudi na vidonda, au harudi.

Ninachokusisitizia zaidi ya vyote ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu yanatokana na mbwa, na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Wewe unaishi na watoto uani. Chanjo ya kwanza huchomwa akiwa na miezi mitatu, kisha unairudia kila mwaka, hata mwaka ambao huna hela. Muulize ofisa mifugo wa kata yenu. Kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu mbalimbali hufanya kampeni za chanjo. Kadi yake iweke pamoja na risiti zako za kodi, na majirani uwaonyeshe bila kusubiri waulize. Akimng'ata mtu yeyote, au mbwa wa nje akikung'ata wewe, kidonda kioshwe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mtu asipake dawa ya kienyeji, na asisubiri kuona itakuwaje.

Kuna jambo ambalo vijana hawalipigii hesabu. Mbwa akitunzwa anaishi miaka 10 na zaidi, na wewe mkataba wako ni wa miezi sita. Hiyo ni mikataba kama 20 mbele yako. Kila utakapohama, dalali atachukua kodi yake ya mwezi mmoja na atakuzungusha, kwa sababu nyumba nyingi ukitaja mbwa mlango unafungwa. Pale Mbagala mpangaji mmoja wa chumba cha mbele alihama akamwacha wake amefungwa kwa kamba nyuma ya choo. Yule mbwa alikaa siku nyingi akitazama kona ya njia, chakula hataki, na kila bajaji ikipita anasimama. Nilimlisha mimi mpaka akapata mtu wa Chanika mwenye shamba. Sitaki wewe uwe mtu wa kumwacha kiumbe hivyo. Ukimchukua, umchukue ukiwa umeshaamua kwamba kila mahali utakapohamia, naye anahamia.

Halafu niambie ukweli wako, mimi ni mama yako. Je, unachokitafuta ni mlinzi, au ni mtu wa kukaa naye jioni ukirudi kazini? Kama ni upweke, usione haya kusema, maana dawa yake ni nyingine. Chukua paka. Huyo analala ndani, si najisi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuambia ni katika wanaotuzungukia majumbani mwetu. Majirani watamshukuru kwa ajili ya panya. Nenda tu ukawaombe wasitege sumu ya panya, kwa sababu paka akimla panya aliyekula sumu na yeye huathirika. Na akiumwa usimpe panado, hata kipande; paracetamol inamuua paka.

Kwa wezi lakini paka hatakusaidia, na mbwa atachukua karibu mwaka. Kwa hiyo dirisha lisisubiri. Nimekutumia hela ya wavu wa chuma na taa ya nje kwa simu yako mpya, angalia kama imeingia. Mpigie mzee umjulishe kwamba unaweka wavu kwa gharama zako. Sidhani kama atakataa, unamtengenezea nyumba yake. Fundi wangu wa Mbagala atakuja Jumamosi asubuhi kupima. Kitanda kisogeze upande wa ukuta wa ndani leo leo, na simu usiichajie karibu na dirisha.

Wakati huo huo zungumza na hao majirani. Ukishapata majibu yao nijulishe kama yalivyo, usinipambie. Wakikubali, nitavuka kutoka huku Kigamboni Jumapili twende wote kwa mzee. Hataona vibaya kumwona mzazi wako, na mimi nitapenda kumwomba kwa mdomo wangu.

Wako akupendaye,
Mama