Jibu: riwaya ya njozi kwa mdogo wako

Dada, umeuliza kuhusu riwaya ya njozi yenye mhusika aliyebadili jinsia ambaye hauawi kabla ya hadithi kwisha, ili mdogo wako aisome huko Bukavu. Ningeanza na Pet ya Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Nigeria, iliyotoka mwaka 2019: msichana Jam anaona kiumbe kikitoka katika mchoro wa mama yake kuwinda zimwi, katika mji ambao wakubwa wanaapa kwamba mazimwi yamekwisha. (Sisi wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, tunakijua kiapo cha namna hiyo.) Jinsia ya Jam si fumbo wala aibu, kwani wazazi wake walimkubali tangu utotoni, hofu inatoka kwingine. Kisome kwanza mwenyewe, maana zimwi ni mtu mzima anayemuumiza mtoto.