Mama Mkemia Anajibu: Chupa ya baneh kutoka Zagros

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Hamburg, Ujerumani. Jirani yangu, Mkurdi wa Sanandaj, ameniletea kikopo cha kokwa ndogo za kijani, ukubwa wa njegere, pamoja na chupa ya mafuta yake. Yeye anaziita qezwan, ila kwenye chupa pameandikwa baneh. Anasema ni pistachio ya porini, mti wake huota kwenye miamba na kuishi miaka na miaka kwa maji kidogo, na ndiyo maana mafuta yake hayachachi. Chupa ina mwaka sasa na kweli hayanuki. Je, ni sahihi? Na nikipeleka mbegu Tanga, zitaota?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote niambie: korosho unakula bila tatizo? Kama huwa zinakuvimbisha midomo au kukubana kifua, hicho kikopo usikiguse. Mpistachio, mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na mwili unaokataa korosho mara nyingi hukataa pistachio pia.

Ukoo huo naujua kwa vidole vya bibi yangu. Nimekulia Newala, na bibi alikuwa akibangua korosho kwa mkono. Alijipaka majivu kila asubuhi kabla ya kukaa mkekani, lakini bado ncha za vidole zilikuwa nyeusi na ngozi ikichunika kama ya kitunguu. Nilipofika chuoni ndipo nikajua aliyekuwa akimuunguza anaitwa nani: asidi za anakadi, molekuli zenye kichwa kikali na mkia mrefu wa mafuta, zilizojaa kwenye ganda la korosho. Pistachio nayo inazo, ingawa haichomi kama korosho. Kwa mti ni silaha dhidi ya wadudu na kuvu. Kwa bibi zilikuwa kero tu.

Sasa jirani yako. Amesema mambo mawili ya kweli, kisha akayafunga kwa kamba ambayo haipo. Mti ni mgumu, naam. Mafuta yanadumu, naam. Ila hayadumu kwa sababu mti umezoea kiu.

Baneh ni Pistacia atlantica, mti wa milima ya Zagros, magharibi mwa Irani. Kule majira ya baridi theluji inaanguka, halafu kiangazi kinapita miezi bila tone la mvua. Mti unajiokoa kwa mizizi, inayoshuka ndani kabisa kwenye nyufa za mawe. Majani yake hufunga vinyweleo jua likizidi, na chembe hai (seli) zake hujilimbikizia sukari na prolini, asidi amino ndogo inayosaidia chembe kushikilia maji yake udongo unapokauka. Kwenye udongo wa chumvi, mizizi huzuia sehemu kubwa ya sodiamu isipande majanini. Ndiyo sababu wakulima wa California hupandikiza pistachio ya kawaida juu ya shina la UCB-1, chotara wa baneh na binamu yake Pistacia integerrima.

Prolini hiyo, hata hivyo, huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta, kwa hiyo usiitafute ndani ya chupa. Muuzaji akikuambia mafuta haya yana "nguvu ya kuhimili ukame", mwachie chupa yake.

Kinacholinda mafuta yako ni kingine. Mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta, na huchacha pale oksijeni inapoushambulia mkia wa asidi hizo karibu na viungo vyake maradufu, yaani pale atomi mbili za kaboni zilipoungana mara mbili. Asidi ya oleiki ina kiungo kimoja cha namna hiyo, ya linoleiki ina viwili, na linoleiki huharibika haraka kuliko oleiki mara kumi hivi. Katika mafuta ya baneh, oleiki ndiyo mwenye nyumba: nusu nzima au zaidi. Alizeti ya kawaida linoleiki yake ni nyingi, ndiyo maana chupa yake iliyosahaulika dirishani hunuka mapema. Ongeza tokoferoli, yaani jamii ya vitamini E, zinazojitoa mhanga kwa oksijeni kabla mafuta hayajaguswa. Wanakemia wa chakula wa Chuo Kikuu cha Ferdowsi kule Mashhad wamechunguza sana mafuta ya ganda laini la nje la baneh, na wakaona yanastahimili kuliko mengi tuliyoyazoea.

Lakini hayachachi milele. Yaweke kabatini, gizani, kifuniko kimebana. Siku ukifungua ukasikia harufu kama ya rangi ya mlango, mwaga.

Ukitafuna kokwa moja utasikia ladha kama ya tapentaini. Usishtuke. Hiyo ni alfa-pineni, inayopatikana pia kwenye utomvu wa misonobari. Wakurdi huchanja gome la baneh wakati wa kiangazi na kubandika vibakuli vya udongo chini ya chanjo ili kukinga utomvu. Pineni hupotea hewani, utomvu unaobaki hukaza na kuziba kidonda cha mti, nao Wakurdi huutafuna kama ubani. Kwa Kiajemi huitwa saqqez.

Kuhusu Tanga, mwanangu, hapana. Pistachio inayolimwa hutaka kama saa 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ili machipukizi yaamke sawasawa, na baneh nayo ni mti wa nchi za theluji. Usiku wa Julai Tanga huzunguka nyuzi 20. Hata ikiota, miti dume na jike ni mbalimbali, na mpaka ichanue hujui umepanda ipi. Na mbegu hazitumwi kwa posta bila cheti cha afya ya mimea.

Ila ndugu yake tunaye. Ukikwea hadi kwenye misitu mikavu ya nyanda za juu Kenya utakuta Pistacia aethiopica, jina ambalo mti huo ulipewa na Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja, nayo ukiyafikicha utasikia ile ile harufu ya kikopo chako. Tunda lake ni dogo mno, ndege ndio wanaolifaidi.