Walifunga mara nyingi zaidi, kombe wakalikosa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha vijana mpira wa magongo pale Kidongo Chekundu. Mwanangu alinionyesha kwenye simu fainali ya mwaka 2024 ya halingi, ule mchezo wa magongo wa Ayalandi. Cork walifunga mara 35, Clare mara 32, kombe likaenda Clare! Imekuwaje? Na mimi niandike nini daftarini nijue kwa nini tunafungwa? Kocha, Tabata.

JIBU: Marahaba, kocha. Kwenye halingi, mpira ukiingia wavuni ni pointi 3. Ukipita juu ya mtambaa panya, katikati ya milingoti, ni pointi 1. Clare walitia wavuni mara 3 na kupitisha juu mara 29, jumla 38. Cork wavuni mara 1, juu mara 34, jumla 37, tena baada ya muda wa nyongeza. Kwa hiyo usihesabu mashuti tu. Andika limepigwa kutoka wapi na limezaa nini.

Mwaka uliofuata Cork walirudi fainali, safari hii na Tipperary. Mapumziko wanaongoza kwa pointi 6. Kipindi cha pili kizima wakapata pointi 2 tu, wakalala 36 kwa 21. Iliniuma, na siyo timu yangu. Ukiangalia jumla peke yake utasema Cork walikuwa wabovu tangu mwanzo, kumbe sivyo. Ndiyo maana mimi kila robo naipa ukurasa wake.

Wachambuzi wa halingi wanakodolea macho sana mpira wa kipa. Kila baada ya kufungwa, kipa anaurusha na kuuchapa kwa gongo, unaruka mbali, watu wanaugombea. Nani kaupata? Hapo ndipo shambulio linapozaliwa.

Nasi tuna mipira yetu ya kuanzia nyuma. Kuna siku tulifungwa 3 kwa 1 nikawafokea washambuliaji hadi sauti ikakauka. Usiku nikafungua daftari: kati ya mipira 9 tuliyoanzisha nyuma robo ya mwisho, 6 ilinyang'anywa upande wa kushoto. Kijana wa pale alikuwa anapokea akiupa uwanja mgongo. Washambuliaji hawakuwa na kosa, nikawaomba radhi kesho yake.

Anza na hilo moja, kocha. Daftari mpe mwanao akae jukwaani, maana wewe ukishika filimbi huwezi kuandika. Mpira wa nyuma ukianzishwa, aweke tiki tukiupata, mkasi tukiupoteza, na namba ya jezi pembeni. Mechi tatu zikiisha, niandikie tena.