Kwa mnaoanza kuandika tanzia za michezo: nilichojifunza kwa Gene Mauch

Wadogo zangu mlioingia dawati la michezo juzi juzi, kabla hamjapewa tanzia ya kwanza naomba mnisikilize kidogo, maana hii kazi inadharauliwa sana, anapewa yeyote aliyebaki ofisini usiku, halafu kesho yake familia ya marehemu ndo inakata kile kipande cha gazeti na kukitunza miaka na miaka.

Mi ya kwangu niliipata Agosti 2005. Gene Mauch amefariki California, saratani ya mapafu, miaka 79. Alikuwa meneja wa besiboli, na kule meneja ndo kocha mkuu, anapanga nani arushe, nani apige, nani atolewe. Nikapewa makala ya mwandishi wa safu mmoja wa Marekani niifupishe kwa Kiswahili. Ilikuwa imeandikwa vizuri, inateleza, na kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho ilikuwa na jambo moja tu: huyu alikuwa mtu wa mkosi, kila alipokaribia World Series, ile fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, mkosi ukamrudisha. Nikatafsiri, nikaweka na kichwa cha habari chenye neno mkosi, nikampelekea mhariri.

Mzee akasoma akaniuliza, "Kafundisha miaka mingapi?" Nikapekua makala, haimo. "Timu gani zote?" Zimo mbili tu, zile alizoumia nazo. Akanirudishia karatasi akaniambia, "Mwanangu, mtu kafa na wewe hujui kazi yake, katafute."

Nikatafuta. Aisee, miaka 26! Alishinda mechi 1,902 akafungwa 2,037, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuifikisha timu World Series, hilo ni kweli na lazima liandikwe. Ila angalia timu alizopewa. Philadelphia Phillies aliichukua 1960 ikiwa inatoka kushika mkia misimu 2 mfululizo, mwaka uliofuata ikafungwa mechi 23 mfululizo, na miaka mitatu baadaye timu hiyo hiyo ilikuwa inaongoza ligi. Montreal Expos aliianza ikiwa haina hata siku moja ya historia, 1969, msimu wa kwanza ikafungwa 110. Sasa ukiandika kwamba alifungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda bila kusema hayo, kila namba yako ni sahihi na msomaji bado umemdanganya.

Halafu 1964 yenyewe, maana hapo ndo yule mwandishi alikaa muda mrefu kuliko kote na hapo ndo alinichefua nilipokuja kuelewa. Phillies walikuwa mbele kwenye msimamo wa ligi kwa mechi 6 na nusu, zimebaki 12. Wakafungwa 10 mfululizo, wakamaliza mechi moja tu nyuma ya St. Louis Cardinals. Ya kwanza kati ya hizo 10, Septemba 21, walifungwa 1-0, Chico Ruiz wa Cincinnati akakimbia akaiba besi ya nyumbani, yaani akafunga bila mwenzake kuupiga mpira. Kwenye ile makala hiyo 1-0 ndo mkosi umeanza, basi, tunasonga mbele. Lakini kilichofuata kina maelezo jamani! Mauch aliwategemea warushaji wake wawili wakubwa, Jim Bunning na Chris Short, akawa anawarudisha uwanjani mara kadhaa baada ya mapumziko ya siku 2, wakati kawaida ya enzi zile ilikuwa 3. Mkono wa mrushaji haudanganyi, ukichoka umechoka. Ila na warushaji wake wengine, Ray Culp alikuwa anaumwa kiwiko, Dennis Bennett bega, kwa hiyo meneja naye alikuwa na sababu, hata kama wengi tunaona alikosea.

Hiyo ndo lawama wadogo zangu. Ina tarehe, ina majina, ina sababu, na mwenyewe angekuwa hai angeweza kusimama akabisha. Neno mkosi hata angekuwa hai asingeweza kulibishia, angeanzia wapi? Na huyu ndo hayupo kabisa.

Oktoba 12, 1986 ni hivyo hivyo. California Angels walikuwa wanaongoza 5-2 kuingia awamu ya tisa, ya mwisho kwa kawaida, wakishinda wanaenda World Series. Boston wakapata 2. Mauch akamtoa Mike Witt kwa sababu anayefuata kupiga, Rich Gedman, alikuwa amefanikiwa kupiga mipira ya Witt mara tatu siku hiyo, akamwingiza Gary Lucas anayerusha kwa kushoto, mpira wa kwanza tu ukamgonga Gedman, naye akapewa besi ya bure. Akaja Donnie Moore, imebaki straiki moja, yaani mpigaji akosee mara moja tu, mechi iishe, Dave Henderson wa Boston akaupiga ukatoka nje ya uwanja, Boston wakawa mbele 6-5. Watu husahau kwamba Angels walisawazisha 6-6 kabla ya kufungwa 7-6 awamu ya 11, na zilibaki mechi 2 ambazo Boston walishinda bila kuhitaji bahati yoyote. Mlaumu kwa kumtoa Witt kama unaona hivyo, ila andika na kwa nini alimtoa.

Najua mtaniambia kwetu marehemu hasemwi vibaya. Mi siwaambii mfiche, tanzia ya kusifu tupu nayo ni uongo na kocha mwenzake akiisoma atajua hamkumjua mtu. Ninachowaomba, kabla hujaandika alipoanguka, andika alikuwa anafanya nini siku zingine zote. Mauch alikuwa anajua kitabu cha sheria kuliko waamuzi wengi, alikuwa bingwa wa kubadili wachezaji wawili kwa mpigo ili mrushaji mpya, ambaye kwa kawaida ni mpigaji dhaifu, asifike zamu ya kupiga mapema, wakamwita Jenerali Mdogo. Katika ile safu hayo hayakupata hata mstari mmoja.

Tanzia yetu ilitoka kesho yake. Kichwa kilikuwa na jina lake na miaka 26. Mwaka 1964 ulianzia aya ya nne, na Bunning na Short wakiwemo kwa majina.